Visiwa 6 kwa siku 14? Dadangu, chagua kimoja ukae

Swali: "Kaka habari. Mimi na bwanangu tuko Mombasa, mwezi wa tisa tunatimiza miaka 10 ya ndoa na tumeweka akiba twende Caribbean siku 14. Tunataka Jamaica, Bahamas, Cuba, St Lucia, Barbados na Grenada, tuwe twapanda boti kisiwa hadi kisiwa kama mtu anavyotoka Lamu kwenda Pate. Tumeambiwa paspoti ya Kenya haitaki visa huko, ni kweli? Na chakula je, sisi ni Waislamu."

Hongera kwanza, miaka 10 si mchezo, na shemeji mpe salamu zangu. Sasa umeuliza mtu aliefanya kazi kwenye meli za watalii miaka minane halafu akashuka akaishi Grenada mitano, kwaiyo ntakwambia bila kuzunguka: hio plani inavuja pahali patatu. Mwezi, idadi ya visiwa, na hilo neno boti. Visa yenyewe ndio afadhali, ila nyuma yake kuna jambo ambalo watu hawaambiwi mpaka wasimame kaunta ya airport na mabegi yao.

Tuanze na boti. Ukitazama ramani ya dunia vile visiwa vimepangana kama shanga kwenye uzi, unaona ni kuruka tu. Lakini Jamaica hadi Barbados ni kama kilomita 1,900, yaani ni mbali kuliko kutoka Mombasa mpaka Djibouti, boti ya abiria ya kukupeleka huko hamna. Bahamas wala haimo kwenye bahari ya Caribbean, iko Atlantiki huko juu jirani na Florida, ni sisi tu na watu wa matangazo tunaitia kapu moja. Cuba peke yake ina zaidi ya kilomita 1,200 toka ncha hadi ncha, ukiipa siku mbili ni kama umepita barazani kwa mtu ukakataa kukaa. Boti za kweli za abiria ziko pahali pachache: kuna njia ya kutoka Guadeloupe kupita Dominica na Martinique hadi St Lucia, nzuri sana hio, halafu kuna zile za ndani ya nchi moja, mfano Grenada kwenda Carriacou au St Vincent kwenda Bequia. Kwengine ni ndege, na ndege zenyewe ndogo, ratiba nyembamba, tangu LIAT, shirika la ndege la visiwa hivyo lilioanza 1956, lianguke wakati wa korona 2020 mashirika mengine yameziba pengo lakini mara nyingi unajikuta unarudishwa Barbados ndio utoke tena. Kwa hesabu ya kawaida kila kisiwa unachoongeza kinakula siku nzima, asubuhi unasubiri, mchana unasubiri, jioni unatafuta taxi. Visiwa 6 ni mihamo 5, basi hapo ushatupa siku 5 kati ya 14 na bado hujahesabu safari ya kutoka nyumbani na kurudi.

Nimewaona sana watu wa namna hio kwenye meli. Anashuka saa mbili asubuhi, saa kumi yuko ngazini anarudi, na jioni kwenye chakula anakwambia "leo nimeiona St Lucia". Ameona duka la bandarini na fulana.

Mwezi wa tisa sasa. Msimu wa vimbunga huko ni kuanzia 1 Juni hadi 30 Novemba, na pale ndani katikati, toka katikati ya Agosti mpaka katikati ya Oktoba, ndio moto wenyewe. Sisi watu wa karibu na ikweta hatuna kumbukumbu ya hii kitu, kimbunga hakipendi kuja karibu na mstari, ndio maana Hidaya ya Mei 2024 ilipofika Mafia watu walishtuka na yenyewe ilifika imechoka. Kule hakichoki. Grenada wazee walikuwa wanasema sisi tuko kusini mno, hakitufiki, wamekaa hivo toka kimbunga Janet cha 1955, karibu miaka 50. Halafu 7 Septemba 2004 kikaja Ivan, karibu nyumba 9 katika kila 10 zikaharibika na mikungumanga ikalala chini, na mkungumanga si mhogo, unapanda leo unangoja miaka mitano mpaka saba au zaidi ndio uone tunda, na pia ipo miti dume na jike na huwezi kujua umepanda upi mpaka utoe maua. Wakulima wengine walikata tamaa hapo hapo. Dominica walipigwa na Maria 18 Septemba 2017, daraja la 5, la juu kabisa. Na Carriacou, ambako nataka kukupeleka, walipigwa na Beryl 1 Julai 2024, msimu umeanza mwezi mmoja tu, mapaa yakaruka karibu kisiwa kizima.

Kwaiyo sherehe isogezeni. Nikah ilikuwa mwezi wa tisa, sawa, kuleni biriani nyumbani siku hio, safari fanyeni Februari hadi Mei, mvua kidogo, upepo mzuri, na baada ya Pasaka bei za vyumba hushuka. Kama likizo ya shemeji ni Septemba na haibadiliki, basi tazameni vile vya kusini kabisa, Trinidad au Aruba, Bonaire na Curaçao, kimbunga hufika mara chache (sikusema kamwe!), ila hivyo vitatu vya Mholanzi vina visa yao. Na msikate tiketi ya Septemba bila bima inayotaja vimbunga kwa jina.

Visa. Ni kweli, kwa paspoti ya Kenya visiwa kadhaa vilivyokuwa vya Mwingereza havidai visa kwa ziara fupi, Barbados, Grenada, Dominica na Jamaica ni katika hivyo. Lakini mambo haya hubadilika, kabla hujalipa kitu waandikie uhamiaji wa kisiwa chenyewe, jibu lao liprinti uende nalo, maana anaekuzuia mara nyingi si afisa wa kule, ni mtu wa kaunta ya ndege hapa hapa ambae hajawahi kuisikia Grenada na anadhani umesema Granada ya Spain. Tatizo lenyewe ni njia. Ukipita Marekani, hata kama ni kubadilisha ndege tu masaa mawili, unatakiwa visa ya Marekani, wao hawana kitu cha kukaa ndani ya airport bila kuingia nchini. Ukipita London, Mkenya yuko kwenye orodha ya wanaotakiwa visa ya kupita hata bila kutoka airport, na kama unashuka Heathrow na ndege ya kisiwani inatoka Gatwick basi ni visa nyengine kabisa kwa sababu unatoka nje. Ukipita Paris kwenda Martinique au Guadeloupe ujue vile ni Ufaransa lakini haviko Schengen (zile nchi za Ulaya zinazotumia visa moja), visa yako ya Schengen ya kawaida haikuingizi, lazima visa ya Ufaransa iandikwe kwamba inafaa kwa maeneo ya ng'ambo. Hapa ndipo watu wanapolia. Mtu ana "hakuna visa" mkononi na hawezi kufika.

Njia fupi kwa nyinyi ni Nairobi hadi New York moja kwa moja na Kenya Airways, ruti hio ipo toka Oktoba 2018, halafu New York hadi Grenada moja kwa moja kama masaa matano. Lalieni New York usiku mmoja, msiunganishe siku hio hio, mzigo utabaki nyuma na wewe utafika na kanga moja.

Sasa kwa nini nimeng'ang'ania Grenada. Dadangu wewe ni mtu wa pwani, nikikupeleka kuona mchanga mweupe na minazi nimekuibia pesa, hivyo viko Diani na Watamu. Cha kwenda kuona ni vile vitu vyako mwenyewe vilivyopangwa upya na watu wengine. Kisiwa kidogo, ukijumlisha Carriacou na Petite Martinique ni kilomita za mraba 344, kama theluthi ya Pemba, lakini milima yake inapanda mpaka ukungu, juu kuna ziwa la Grand Etang kwenye shimo la volkano na kima wadogo walioletwa toka Afrika Magharibi zama za meli za watumwa. Bendera yao ina tunda la kungumanga. Nenda mji wa Gouyave kwenye ghala la zamani, utawakuta kina mama wanachagua kungumanga kwa mkono, basibasi imetandazwa nyekundu, na ile harufu wallahi utadhani umefungua sanduku la bibi yako. Karafuu wanayo, mdalasini wanao, manjano wanayo na wanayaita zafarani, nilibishana na muuza sokoni nusu saa nikaacha.

Chakula chao cha taifa kinaitwa oil down, na nikikueleza utacheka: shelisheli, majani ya mayugwa, manjano, vimaandazi vya unga, vinapikwa na tui la nazi mpaka tui lote linywewe na chini ibaki mafuta tu. Si ndio sisi? Hata shelisheli lenyewe ni mgeni kule, Captain Bligh ndie alieileta miche toka Tahiti 1793, mabwana wa mashamba walitaka chakula rahisi cha kulisha watumwa. Lakini angalia hapa: sufuria ya kawaida hutiwa mkia wa nguruwe wa chumvi, na hawakwambii kwa sababu kwao si habari. Sema mapema, waombe wapike na samaki wa chumvi, wanafanya bila kununa. Au tafuteni Marasta wanaopika ital, humo hamna nyama kabisa na wengine hata chumvi hawatii, kwa Muislamu ndio pahali pa kukaa bila wasiwasi. Samaki hakuna shida, Ijumaa jioni Gouyave wanachoma barabarani mpaka usiku. Juisi ya rozela, stafeli, ukwaju, tangawizi, zote zipo. Ramu iko kila kona, vibanda vyake ndio vijiwe vyao, kupita na kuamkia si haramu.

Na kuamkia ndio sheria ya kwanza. Matatu zao ni Hiace hizi hizi, zina namba ya ruti, zina manamba, mziki unapiga mpaka kiti kinatetemeka, lakini ukiingia kimya bila kusema "good morning" kwa wote waliomo umeonekana huna adabu, na hawatakwambia, watakuacha tu. Jioni wanasema "good night" wakikutana, si kuagana, mi wiki ya kwanza nilikuwa nadhani kila mtu ananifukuza. Kushuka unagonga bodi ya gari. Suti ya kuogelea iishie ufukweni, mjini St George's haipendezi, hapo Mswahili hahitaji kufundishwa. Na mwambie shemeji zile suruali za madoa ya jeshi aziache nyumbani, Grenada na visiwa vingi vya jirani ni kosa la sheria raia kuvaa, hata kikofia, hata mtoto.

Bahari yao itawashangaza kwa jambo moja dogo. Haipwi. Sisi tumezoea maji ya bamvua yakitoka unatembea mpaka mwambani, halafu unangoja yajae ndio uogelee. Kule tofauti ya maji kujaa na kupwa haifiki nusu mita, ufukwe wa Grand Anse unaogelea saa yoyote upendayo. Wala hakuna kaskazi na kusi, upepo unatoka mashariki mwaka mzima, kwaiyo kila kisiwa kina upande wa joshi wenye mawimbi makubwa ya Atlantiki na upande wa demani uliotulia, ukikodi chumba uliza kiko upande gani. Toka 2011 upande wa joshi pia huletewa magugu ya baharini kwa tani na tani, si mwani wa kulima kama wa kina mama wa Zanzibar, huu unaoza ufukweni unanuka kama yai bovu, miezi mengine haupo kabisa na miezi mengine huwezi kufungua dirisha. Na kuna mti mmoja wa pwani unaitwa manchineel, tunda lake kijani dogo kama tofaa, usile, usiokote, na mvua ikinyesha usijikinge chini yake, utomvu wake unababua ngozi. Miti mingi wameipaka alama nyekundu, si yote.

Basi wiki moja Grenada, halafu pandeni boti, hio ndio boti yenu, kutoka St George's hadi Carriacou kama masaa mawili. Njiani upande wa kushoto kidogo kuna volkano iko chini ya bahari, inaitwa Kick 'em Jenny, bado hai, vyombo vinaizunguka kwa mbali, na kama mawimbi ni makali usile kitu kizito kabla. Carriacou baada ya Beryl si ile ya zamani, nyumba za wageni bado zinajengwa, pigeni simu mwenyewe akuthibitishie kwamba ana paa, usiamini picha. Lakini nendeni, pesa yenu kule inafika mkononi mwa mtu.

Kijiji kinaitwa Windward, huko wanaunda majahazi ya mbao kwa macho, bila mchoro, UNESCO wameitia kazi hio kwenye orodha yao 2023. Mi mtu wa Lamu nilisimama pale kama nimesimama Matondoni, fundi anachagua gogo lililojipinda lenyewe liwe taruma, harufu ya vumbi la mbao, watoto wanachungulia. Siku ya kushua chombo wanachinja na kupika, kisiwa kizima kinavuta kamba.

Na kuna jambo jengine ambalo mi ndio limeniweka kule miaka mitano. Wana karamu, mtu akiota ndoto ya marehemu wake, au anataka mvua, au anashukuru, anapika masufuria nje, kila anaepita anakula bure, na sahani moja inawekwa ndani ya nyumba kwa ajili ya wazee waliotangulia, usiku kucha haiguswi. Mama mmoja mzee ndie alieniita, nikamuuliza hii shughuli inaitwaje. Akasema saraca. Nikamwambia rudia. Saraca. Nilikaa chini, sikusema neno. Ni sadaka, dadangu, ni neno letu lile lile la Kiarabu, wataalamu wanasema lilivuka na Waislamu wa Afrika Magharibi waliochukuliwa utumwani, dini ikapotea, msikiti ukapotea, neno likabaki kwenye sufuria. Hio sahani ya wazee kwetu haimo, najua, na mi sikujadiliana na mtu, nilikula nikashukuru.

Usiku wakapiga Big Drum, ngoma tatu zilizowambwa ngozi ya mbuzi juu ya mapipa, na nyimbo zao zimegawanywa kwa mataifa, kuna za Cromanti, za Igbo, za Manding, za Kongo, na mtu anajua kabisa mimi ni taifa fulani, amepokea toka kwa bibi. Yule mama akaniuliza, wewe taifa gani? Nikasema Mswahili. Akafikiri kweli kweli, akatikisa kichwa, akasema hilo hatunalo. Na ni kweli hawanalo, waliofikishwa kule walitolewa zaidi Afrika Magharibi na upande wa Kongo, si pwani yetu. Akaniambia kaa tu na Wakongo. Nikakaa na Wakongo.

Pesa yao ni dola ya Karibi ya Mashariki, imefungwa toka 1976, dola moja ya Marekani kwa 2.70, haipandi wala haishuki, kwaiyo mtu akikutajia bei uliza dola ipi kabla hujacheka. Si rahisi huko, vitu vingi vinakuja kwa meli, kula sokoni na barabarani. Plagi za ukutani ni zile zile za Kenya, gari upande ule ule wa kushoto, malaria hamna lakini mbu wana dengi, na kadi ya njano ya homa ya manjano beba hata kama hakuna aliekuambia.

Barbados mkiitaka siku mbili za mwisho sawa, ni ndege chini ya saa moja. Jamaica na Cuba ziacheni, kila moja inataka safari yake.

Sasa nijibu wewe: kati yenu kuna mwenye visa ya Marekani inayoishi bado? Na paspoti zenu zinaisha mwezi gani? Nikijua hayo mawili ntakuchorea njia, na kama jibu ni hapana, anzeni na visa kabla ya kugusa tiketi yoyote, foleni ya miadi ya ubalozi ndio itakayowapangia mwezi wa kwenda.